Mauzo yamepanda mara mbili ila hela siioni, mama anasema ni chuma ulete

"Habari mtaalamu. Nipo Morogoro, natengeneza siagi ya karanga nyumbani, biashara ina mwaka mmoja na miezi kumi. Nilianza kwa kuwauzia majirani, sahivi naweka kwenye maduka 14 na supamaketi moja ndogo. Mwezi wa pili nilikuwa natoa vichupa 300 kwa mwezi, sasa ni mwezi wa saba natoa 600. Kichupa cha gramu 400 nawapa kwa 4,500, wao wanauza 6,000. Wengi wananilipa baada ya mwezi na kitu, supamaketi siku 45. Gharama yangu ni karanga 1,600 (kilo nanunua 4,000), kichupa 700, lebo 200, kusaga 200, sukari na chumvi 100, jumla 2,800, kwahiyo faida 1,700. Mara 600 ni zaidi ya milioni kwa mwezi, lakini kwenye simu nina elfu 43! Nyumbani nachukua elfu 50 tu kwa wiki. Nadaiwa kwenye vikoba laki 7, mkopo wa simu laki 3, na anayeniletea karanga ananidai laki 5. Alafu kilo 50 za karanga zinanitolea vichupa 100 tu wakati hesabu inasema 125. Mama anasema ni chuma ulete, yaani kuna mtu anavuta hela yangu kichawi, mimi namhisi binti anayenisaidia. Kuna jamaa wanakopesha milioni 2 bila maswali mengi, na shemeji anataka kuweka milioni 5 tuwe nusu kwa nusu tufungue Dodoma. Nikope, nimkubali shemeji, au nimfukuze binti?"

Dada yangu, hongera kwanza, alafu pole. Hongera kwa sababu kutoka kuuzia majirani mpaka maduka 14 ndani ya miaka miwili haijafika ni kazi, na siagi mbaya hainunuliwi mara ya pili. Pole kwa sababu naijua hiyo hali ya kuhesabu mauzo usiku unaona milioni mbili na laki saba alafu asubuhi huna hela ya gesi. Mimi mwenyewe niliwahi kuuza mtindi, hoteli moja ikawa inachukua ndoo kila siku na kusaini kitabu, nikajiona tajiri, miezi mitatu baadaye nanunua maziwa kwa kukopa kwa mtu wa maziwa huku kitabu kimejaa sahihi.

Umeuliza ukope au usikope, lakini kinachokunyima usingizi naona ni kingine, hela imeenda wapi. Tuanze hapo, na tuanze na binti maana huyo ana jina lake la kulinda.

Chukua karanga kilo moja leo hii, ipime, uichague, uikaange, uimenye, uisage, alafu pima kilichotoka. Usikisie, pima. Utakuta kama gramu 800, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Karanga ina maji ndani yake na ukikaanga yanaondoka, ngozi ile nyekundu ina uzito wake, zile zilizosinyaa na zenye ukungu unazitupa, na nyingine inabaki imeganda kwenye mashine. Kilo 50 ikitoa siagi kilo 40 ni vichupa 100 kamili vya gramu 400, yaani ndo hivyohivyo unavyopata. Hajaiba mtu hapo. Kosa liko kwenye hesabu yako, umechukua gramu 400 ukazidisha kwa bei ya kilo ukapata 1,600, kana kwamba karanga inaingia kwenye chupa na maganda yake. Kichupa kimoja kinakula karanga nusu kilo, ni 2,000. (Na usije ukasema basi nipunguze kuchagua ili nisipoteze. Zenye ukungu na zilizobadilika rangi ndo zinabeba sumukuvu, na moto wa kukaangia hauimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye hiyo sumu. Tupa.)

Sasa ongeza vile ambavyo havimo kabisa kwenye hesabu yako. Hukuniandikia unamlipa binti kiasi gani, nimeweka laki na nusu kwa mwezi, ukigawa kwa vichupa 600 ni 250 kwa kichupa. Bodaboda wa kusambaza tuseme elfu 90 kwa mwezi, ni 150. Gesi na LUKU elfu 60, ni 100. Vilivyorudi vimevuja mafuta, vilivyovunjika mfuniko, na vile vya kuonjesha, weka 100. Makato ya kutuma na kutoa, 50. Jumla 650. Badilisha hizo namba zangu uweke zako, lakini nimewaona wengi wa aina yako na sidhani kama nimekosea sana. Kwahiyo kichupa chako kinakugharimu 2,800, jumlisha 400 ya karanga uliyoisahau, jumlisha 650, ni 3,850. Faida yako ni 650, ile 1,700 haikuwahi kuwepo.

Na hata hiyo 650 TRA hajaja. Vichupa 600 kwa 4,500 ni milioni 2.7 kwa mwezi, ukiendelea hivi mwaka mzima ni milioni 32 na ushee. Wafanyabiashara wadogo kodi yao inapigwa kwenye mauzo, haiangalii umepata faida au hujapata, na kiwango kilichowekwa 2022 kwa anayeuza zaidi ya milioni 11 mpaka milioni 100 ni asilimia 3.5. Hiyo ni kama 157 kwa kila kichupa. Bajeti ya kila Juni inaweza kubadilisha mambo, kwahiyo pita ofisini kwao uthibitishe, na hapohapo uulizie habari ya mashine ya risiti maana kwa mauzo hayo wataitaka. Inalipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba, Desemba. Imebaki 493 kwa kichupa, kwa mwezi ni kama laki 2 na elfu 95. Wewe nyumbani unatoa elfu 50 kwa wiki, ni laki 2 na zaidi kwa mwezi. Sikulaumu, hiyo ni mshahara wako na umeufanyia kazi, ila uandike kama mshahara usiuite "kidogo tu", kwa sababu ni zaidi ya theluthi mbili ya faida yote.

Hapo nadhani umeanza kupata picha, lakini bado sijafika kwenye chuma ulete mwenyewe.

Chukua kichupa kimoja tukifuate. Karanga unanunua kwa hela mkononi, au kwa deni fupi. Zinakaa stoo siku kama kumi kabla hazijaisha. Zikishakuwa siagi zinakaa kwenye boksi siku tano unasubiri mzunguko wa boda. Dukani zinakaa, mwenye duka anauza, hela anaizungusha kwenye sukari na unga wake, wewe ukipita anakwambia njoo mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi anakwambia bado vitatu havijaisha. Siku 35. Jumlisha zote ni siku 50 tangu hela itoke mkononi mwako mpaka irudi. Na wakati hiyo ya kwanza haijarudi umeshatengeneza vya kesho, na vya keshokutwa, na vya wiki ijayo.

Mwezi wa pili ulikuwa unatoa vichupa 10 kwa siku. Kwa 3,850 ni 38,500 kwa siku, mara siku 50, ni 1,925,000 yako iliyokuwa imelala njiani na madukani muda wote. Sasa unatoa 20 kwa siku. Ni 3,850,000. Umeona hapo? Kukua kutoka 300 mpaka 600 kumekudai uongeze 1,925,000 nyingine, na hiyo hela haionekani popote kwa sababu imevaa lebo yako na imepangwa kwenye rafu za watu.

Tufunge mahesabu. Miezi mitano hii umeuza wastani wa vichupa 450 kwa mwezi, faida ya 650 (kodi ya mauzo haya yaliyoongezeka hujailipa bado) inakupa kama 1,460,000. Rafu zimekula 1,925,000. Nyumbani wiki 22 kwa elfu 50 ni 1,100,000. Zilizotoka ni 3,025,000, zilizoingia ni 1,460,000, pengo ni kama milioni 1 na laki 5 na nusu. Nenda kasome madeni yako: vikoba laki 7, simu laki 3, karanga laki 5. Milioni moja na nusu! Hizo elfu 60 na kitu zilizobaki ni salio lako lililoshuka. Ni makadirio, lakini yamekaa karibu kiasi kwamba siwezi kumtafuta mchawi. Mama muheshimu, usimbishie, mwambie tu kwamba chuma ulete wako anaitwa mali kauli, yaani kuwapa watu mzigo wakulipe baadaye, na anwani zake 15 unazo kwenye daftari.

Watu wengi wanadhani biashara inayokufa ni ile isiyouza. Miaka ya mwanzo nimeona zikifa nyingi zinazouza vizuri, tena wateja wanapiga simu "dada mzigo umeisha", na yeye hana hela ya karanga.

Sasa tuje kwenye mkopo. Hao wa bila maswali mengi ndo wale wa kausha damu, na hata kama riba yao ingekuwa nzuri bado marejesho yao hayaendani na kichupa chako. Wao wanataka kila wiki kuanzia wiki ya kwanza, kichupa kinarudi baada ya wiki saba. Kwa mfano, wakikupa milioni 2 na marejesho ni 130,000 kwa wiki kwa wiki 20, wiki saba za mwanzo umewarudishia 910,000 kabla kichupa cha kwanza cha hela yao hakijalipwa. Umewarudishia hela yao wenyewe, na riba juu. Kitakachofuata ni kukopa kwa mwingine ili umlipe huyu, na ukifika hapo sitaki nikudanganye, kutoka ni kugumu. Kama lazima ukope, kwanza hakikisha mkopeshaji ana leseni, Benki Kuu ndo inayowasimamia chini ya sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, alafu tafuta ambaye marejesho yake yanaanza mwezi wa pili tangu ukope na kuendelea. Ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba, ilisimama 2023 ikarudi 2024. Inatolewa kwa kikundi, kwahiyo angalia unaungana na nani maana deni la kikundi ni lenu wote, na usiitegemee kwa haraka. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata uanze kuulizia.

Lakini kabla ya mkopo wowote, rudi kwenye zile siku 50. Siku 35 za madukani zikishuka kuwa 15, mzunguko wako unakuwa siku 30, na 77,000 kwa siku mara 30 ni 2,310,000 badala ya 3,850,000. Tofauti ni 1,540,000. Sawa na madeni yako yote! Hela unayotaka kwenda kukopa ipo, tena ni yako.

Unazishushaje? Kwanza acha kupeleka vichupa 40 kwa mwezi kwenye duka linalouza 10 kwa wiki. Peleka 10, wiki ijayo pita, hesabu vilivyobaki rafuni, chukua hela ya vilivyouzwa, jazia. Mwenye duka hawezi kukwambia havijaisha wakati mnavitazama wote wawili. Najua utasema bodaboda itapanda, na ni kweli itapanda, ndo maana upange kwa njia, Kihonda siku yake, Msamvu na mjini siku yake, Mazimbu siku yake, na mizunguko ya mwanzo nenda mwenyewe kwa daladala na begi. Usimtume boda kudai. Maduka matatu au manne yatakataa kabisa utaratibu huu, na ukiangalia daftari utakuta ni yaleyale yanayokulipa mwisho wa wote. Waage kwa heshima, kachukue vichupa vyako. Supamaketi waache na siku zao 45 kwa sasa kwa kuwa jina lao linakusaidia kuuza kwingine, ila usiwaongezee oda mpaka madeni yaishe.

La pili ni bei, na hapa wengi mnaogopa. Mwenye duka anakula 1,500 kwenye kichupa ambacho hajatoa hata shilingi, wewe uliyeinama kuchagua karanga mpaka mgongo unauma unakula 493. Weka 5,000 kwa mali kauli, 4,800 kwa anayelipa papohapo. Kwa 5,000, ukitoa gharama na kodi unabaki na kama 975, umekaribia kuzidisha faida mara mbili kwa kuongeza mia tano. Tuseme mbaya itokee, upoteze theluthi ya oda ubaki na vichupa 400. Mshahara wa binti utagawanyika kwa vichupa vichache, faida ishuke mpaka kama 850, bado ni laki 3 na elfu 40 kwa mwezi, zaidi ya unavyopata sasa kwa vichupa 600, na mtaji uliolala ni mdogo zaidi. Sikuahidi kwamba hutapoteza mteja. Nakwambia unaweza kumudu kuwapoteza.

Shemeji. Milioni 5 si hela ya kudharau, na sitaki kumsema vibaya mtu aliye tayari kutoa chake. Ila ukifungua Dodoma kwa mtindo huuhuu wa mali kauli, vichupa 600 vya kule vitameza 3,850,000 kama vilivyomeza vya Morogoro, ongeza pango na usafiri wa kila wiki, hela yake imeisha na wewe umeshatoa nusu ya kitu chako, nusu hiyo hairudi. Alafu ni shemeji, ikienda vibaya mtakutana kwenye misiba na harusi zote. Mwambie asubiri miezi sita, umwonyeshe daftari lililonyooka. Kama ana haraka ya hela yake kufanya kazi, msimu ujao, Mei na Juni karanga zikivunwa Dodoma na Singida na bei imeshuka, anaweza kukukopesha ya kununulia magunia, kwa maandishi, mnakubaliana unamrudishia lini na nyongeza gani, bila kugusa umiliki. Hapo nako uwe na pa kuhifadhi pakavu, karanga zenye unyevu zikifungiwa stoo zitaota ukungu na utatupa mtaji wa watu.

Kuna mambo ambayo siwezi kukusaidia kwa maandishi. Kama hujapata alama ya ubora ya TBS, anzia ofisi ya SIDO hapo mkoani, hao kazi yao ni wajasiriamali kama wewe na watakuonyesha njia ya kufika TBS na marekebisho gani jiko lako linahitaji. Tafuta mhasibu wa mtaani hata kwa siku moja, kaa naye na daftari, akague hizi namba zangu maana nimezikisia nikiwa mbali. Na kama huo mkopo wa simu umeshapitiliza siku, au umeweka kitu cha ndani ya nyumba kama dhamana mahali, usisubiri, nenda ukaongee nao wiki hii kabla hawajakuja wao, na mumeo ajue. Kuna wanawake wamebeba madeni ya kausha damu kimya mpaka yakawavunjia nyumba.

Wa karanga mlipe kwanza kabla ya wote, hata elfu 50 elfu 50, maana huyo akikasirika jiko linazima. Vikoba wafuate, wa simu uwe unamkata kidogokidogo kila hela ya duka inapoingia.

Na yule binti, kama ulishaanza kumnunia au kumfungia stoo, nadhani ameshaona. Wiki hii utakuwa unazunguka madukani kuhesabu vichupa na kazi ya kukaanga haiwezi kusimama. Mwachie ufunguo na mzani, mwambie aandike kilo zilizoingia na vichupa vilivyotoka kila siku.